Mpira Chini ya Rektifaya

Walikutana kwenye taa za barabarani, jua la utosi, honi mbele na nyuma. Pikipiki ya dada wa kusambaza dawa ilizima katikati ya njia, naye kavaa koti la kijani la duka la dawa, jasho likimtiririka. Fundi wa pikipiki akavuka kutoka kibandani kwake, akaisukuma bila kuombwa. Ovaroli lilikuwa jeusi kwa oili, lakini tabasamu lilikuwa safi kabisa. Dada wa dawa akajikuta anarekebisha kola.

"Rektifaya imeungua," fundi alisema, akimwonyesha kidude cha alumini chenye mapezi mgongoni. "Injini inazalisha umeme mwingi kuliko betri inavyotaka. Hii inaudhibiti, unaozidi inaugeuza joto. Ndiyo maana hufungwa kwenye chuma kitupu, penye upepo. Ikikosa pa kutolea joto, inajiunguza."

"Kama mimi na bosi wangu."

"Wewe nitakutafutia upepo, usijali."

Mwezi uliofuata pikipiki ikazima tena. Na tena.

"Rektifaya za siku hizi feki, mpenzi," fundi alisema kwenye simu. "Niletee."

"Nikuletee pikipiki au nijilete mwenyewe?"

"Vyote, roho yangu."

Penzi likanoga, wakakubaliana: Jumapili wazee wa fundi wangekuja kuposa. Kazini, lakini, hali ilikuwa mbaya. Bosi alishamwonya kwamba dawa zikichelewa tena, arudishe koti.

Alhamisi pikipiki ikamzimia mbali, sanduku la insulini likiwa nyuma. Fundi wa karibu alikuwa mama wa makamo. Alifungua kava la pembeni, akapapasa, akaguna.

"Mwanangu, nani kakufungia hii juu ya mpira?"

"Mchumba wangu."

"Basi hajui kazi. Mpira unazuia joto lisiende kwenye chuma. Utabadilisha rektifaya mpaka uzeeke."

Hajui kazi? Si yeye aliyemweleza habari za chuma kitupu? Mama alipomaliza kuifunga upya kwenye chuma, akauchukua ule mpira. Insulini ilichelewa, na mchana ule ule akavuliwa koti.

Alikwenda moja kwa moja kibandani, kipande cha mpira mkononi.

"Hiki nini?"

Fundi alikitazama, kisha akatazama chini. "Ya kwanza iliungua yenyewe, naapa. Nikaona nikikufungia vizuri hutarudi."

"Ungenipigia simu."

"Niliogopa ungenikataa."

"Haya. Na tulipokubaliana, mbona hukuutoa?"

Fundi akajifuta oili mikononi. "Nilishazoea kuona unanihitaji."

Hilo lilimuuma kuliko kazi aliyopoteza. Angedanganya kwamba alisahau, huenda angemsamehe.

"Kuna siku nilikuja na pikipiki nzima," alisema. "Nilikuja kukuona wewe tu. Hukuona?"

"Mpenzi, naifunga upya sasa hivi. Bosi wako nitamweleza..."

"Imeshafungwa. Mama wa watu kaifunga vizuri."

Akauacha mpira juu ya meza ya spana, akatoka, akampigia mama yake.

"Mama, rudisha viti vya kukodi. Wageni wa Jumapili hawaji."

"Kulikoni? Wamefiwa?"

"Hapana, mama. Nimewakataza mimi."

"Mwanangu, si ulisema unampenda?"

"Nampenda," alisema, na sauti ikamkatika. Akashusha kioo cha kofia ngumu, akalia humo ndani, magari yakimpita.