Mchumba Wangu Aliniomba Niende Jela kwa Ajili Yake

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Kongwa, naishi hapa Dodoma mjini. Mkasa huu ulinipata nikiwa na miaka ishirini na saba. Mpaka leo mtu akibisha hodi kwa nguvu mlangoni kwangu, moyo hunienda mbio kabla sijajua ni nani...

Wakati huo baba alikuwa amepunguzwa kazi baada ya shirika lake kuuzwa kwa mtu binafsi. Mjini nako kampuni ndogo ndogo zilikuwa zinachipuka, na kila ofisi ilitaka kompyuta. Nikasoma kozi, nikaajiriwa na kampuni moja iliyotengeneza programu za ofisini.

Kazi yangu ilikuwa ngeni hata kwa walioniajiri. Sikuandika programu. Mimi nilipanga kile ambacho mtu anakiona kwenye kioo cha kompyuta: litumike neno gani, kitufe kikae wapi, kipi kitangulie. Kisha nilikaa karibu na mtumiaji nikamwangalia. Akikwama, sikumlaumu, nilirudi kupanga upya. Mama aliponiuliza nafanya kazi gani hasa, nilimwambia nazuia watu wasipotee ndani ya kompyuta. Akacheka, akasema bora ningesomea unesi.

Aliyeandika programu zenyewe alikuwa Gerald, ingawa hilo si jina lake halisi. Alikuwa mchumba wangu. Barua ya posa ilikwishafika Kongwa na wazee wakaijibu. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Tukapata kazi kubwa. Hospitali moja, sitaitaja, ilitaka programu ya dirisha la dawa. Nilishinda pale siku nyingi nikimwangalia Sista Salome, muuguzi aliyekuwa akigawa dawa. Nikaona hatari moja. Watoto wengi walikuwa na majina yanayofanana, jina la kwanza na la ukoo. Kwa hiyo nikaweka ukurasa mmoja kabla ya dawa kutolewa. Ulionyesha kwa herufi kubwa jina la mtoto, umri, jina la mama na kijiji, halafu ukauliza: "Ndiye huyu?" Mgawaji alilazimika kumuuliza mzazi ndipo aendelee. Tuliwafundisha wahudumu wote, pamoja na mganga mkuu, wakaipenda.

Kabla programu haijaanza kutumika rasmi, mama akaugua. Nikaenda Kongwa kumuuguza. Gerald alinisindikiza stendi akaniambia nisiwe na wasiwasi, kazi yangu ni kazi yake.

Nilirudi asubuhi ya Jumatatu. Pale ofisini hakuna aliyeitikia salamu yangu. Mkurugenzi wetu aliniita, akafunga mlango, akaniambia mtoto mchanga aliyepelekwa hospitali kwa kikohozi amepewa dawa ya kifafa ya mtoto mwingine. Wote wawili waliitwa Neema Chilongani. Mtoto alilala, na haamki.

"Polisi wameshafika hapa," alisema. "Wanamtafuta aliyepanga vioo. Si ni wewe?"

Nilijiuliza, ule ukurasa wangu ulikuwa wapi?

Gerald alinichukua tukaenda kukaa nyuma ya jengo. Akaniambia ukweli: mkurugenzi alitaka programu iende haraka ili awavutie wateja wengine, akalalamika kwamba watu wanabonyeza mno. Gerald akauondoa ukurasa wangu bila kuniambia.

"Sema ni wewe uliyesahau kuuweka," alinisihi. "Wewe ni mwanamke, watakuonea huruma. Mimi nikifungwa, nani atakutunza? Nitakusubiri, hata iwe miaka mingapi."

Wasomaji, mtaniona mjinga, lakini siku ile sikumkatalia. Nilimpenda. Na niliogopa... Niliogopa polisi, niliogopa mahabusu, niliogopa ndugu wa yule mtoto, ambao niliambiwa walifika ofisini wakiniulizia kwa jina. Nikawa sitoki nyumbani. Nikiona Landrova ya polisi inakata kona ya mtaa wetu, najifungia chooni. Chakula kikawa hakipiti. Baba, niliyeishi naye mjini, aliniuliza naumwa nini, nikamwambia malaria.

Hatimaye niliitwa kituoni kutoa maelezo. Askari aliyenihoji alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti. Nikamwamkia. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Binti, usijisumbue kuficha. Mwenzako Gerald alishatueleza tangu Jumamosi kwamba kosa ni lako."

Jumamosi? Mimi Jumamosi nilikuwa Kongwa namkanda mama miguu. Kumbe aliponiomba nibebe msalaba wake, alikuwa ameshanitwika zamani!

Sikulia. Niliomba niruhusiwe nije kesho yake, askari akakubali. Badala ya kwenda nyumbani nikaenda hospitali. Nilitaka kumwona mtoto kwanza.

Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, mwanamke wa kijiji kimoja njia ya Mtera, amejitanda kaniki. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akaitikia. Nikamwambia mimi ndiye wanayenitafuta. Nilitegemea anirukie. Badala yake alimfunika mtoto vizuri.

"Mimi kompyuta siijui," alisema kwa Kiswahili cha kuungaunga. "Mwanangu alikuja na kikohozi tu. Wewe unayeijua, uniambie. Walishindwa nini kuniuliza jina langu?"

Swali lile lilinichoma. Ndilo swali lenyewe nililoliweka, na mtu mmoja akaliondoa. Je, ningemdanganya na huyu?

Kesho yake nilimweleza askari kila kitu. Kikaitishwa kikao pale hospitali: mganga mkuu, askari, mkurugenzi wetu, Gerald, mimi, na Sista Salome, ambaye ndiye aliyeitoa dawa ile, aliyekuwa amesimamishwa kazi na kukonda kama mgonjwa. Niliomba jambo moja tu: Sista Salome akae kwenye kompyuta ileile afanye kama alivyofanya siku ile, na sote tumwangalie.

Akaandika jina. Akabonyeza. Kioo kikaonyesha dawa ya kifafa papo hapo, bila kuuliza chochote.

Mganga mkuu akasogea karibu. "Wakati tunafundishwa palikuwa na ukurasa unaouliza kama ndiye. Umekwenda wapi?"

Mkurugenzi alimtazama Gerald. Gerald alitazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niliutoa mimi. Niliagizwa."

Sista Salome akaweka uso mezani akalia kwa kwikwi.

Mtoto aliamka baada ya siku kadhaa, Mungu ni mwema, ila alichelewa sana kutembea na kusema. Kampuni ilifunguliwa kesi na baadaye ikafunga milango yake. Posa ilirudishwa. Kuna watu wa mtaani waliosema nimemchoma mwenzangu, na wengine mpaka leo hawanisalimu.

Bado naifanya kazi ile, sasa kwa kujitegemea. Programu mpya inapowashwa mara ya kwanza nakaa karibu na mtumiaji kutwa nzima, na viganja vinanilowa jasho. Hofu hiyo sitaki iniishe.

Dada zangu, nawasihi. Mwanaume akikuomba ubebe kosa lake kwa jina la mapenzi, usimjibu siku hiyo. Nenda kwanza ukamtazame machoni aliyeumizwa. Mimi ulibaki usiku mmoja tu niwadanganye polisi, na mama yule asipate kamwe jibu la swali lake.