Usingizi Wangu Hauuzwi

— Wifi! Jamani, wifi yangu huyo!

Mwanamke mmoja mrefu, koti jeupe la duka la dawa bado mwilini, alinikumbatia mlangoni mwa maktaba kama tumelelewa pamoja. Nikaduwaa. Kwetu tumezaliwa wasichana watupu, kaka sina hata wa dawa. Sasa huu uwifi unatoka wapi?

— Umenifananisha, dada.

— Nikufananishe wapi! Picha yako alinionyesha mwenyewe. Si wewe dada yake Profesa? Yule dobi aliyemsomesha? Jamani, mwezi ujao tunafunga ndoa hatujaonana hata siku moja!

Profesa ni mume wangu.

Mfamasia wa watu, hana hili wala lile, akanishika mkono akanikalisha kiti cha nyuma.

Ngoja niwaambie kilichonileta. Kila jioni nilipokuwa nikipiga pasi nguo za wateja, Profesa alikaa juu ya ndoo akinisomea riwaya. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, na mimi yalinitosha. Ya mwisho ilihusu jiji la kubuni ambako maskini huuza usingizi. Unavishwa mtambo kichwani, usingizi unanyonywa, tajiri anaununua kwenye chupa. Kuna mke anauza wake ili mumewe asome. Mume akasoma, akapata kazi kubwa. Tulipofika hapo, Profesa akaniambia, "Mke wangu, kitabu kimepotea." Roho ikabaki juujuu. Mteja mmoja aliponidokeza kwamba wasomaji wanakutana kukitolea maoni kitabu hichohicho, nikaacha pasi, nikaja. Nilitaka mwisho tu, jamani.

Mbele, fundi saa mmoja mzee alikuwa akizungumza.

— Mimi nalilaumu lile jiji. Mtu akifika kuuza usingizi, ujue mshahara haumtoshi. Mwandishi katusema sisi wenyewe.

— Na yule mume je? — mwalimu mmoja wa kike akadakia. — Anasomeshwa, halafu anamwona mwenzake hana hadhi! Mimi nilikitupa kitabu ukutani!

Watu wakacheka. Kiti cha mbele akainuka mwanamume, shati limenyooka kweli. Nililipiga pasi mwenyewe asubuhi ile.

— Msimwonee bure, — Profesa akasema. — Nani alimlazimisha yule mke? Alitoa kwa hiari yake. Mapenzi si deni.

Nikajikuta nimesimama.

— Na mwisho wa kitabu mbona ulininyima?

Aligeuka. Kile kitabu "kilichopotea" kikamponyoka, kikaanguka sakafuni.

— Da... dada! Karibu, dada.

— Niite tena.

— Tuzungumze nje, tafadhali.

— Nakwambia niite tena! Hapa hapa, mbele ya wenzako!

Mfamasia akatuangalia kwa zamu.

— Profesa, kuna nini?

— Mwenzangu, — nikamwambia, — mimi si wifi yako. Mimi ni mkewe. Pete ninayo nyumbani, huivua nikifua. Wewe huna kosa.

Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

— Kwa nini dada? Si ungesema hata nimekufa?

— Niliona aibu, — akanong'ona. — Wake za wenzangu wana kazi za ofisini. Wewe mikono yako inanuka sabuni...

— Na hilo shati linanuka nini?

Akainamisha kichwa. Mfamasia alivua pete kidoleni, akaiweka mezani. Alikuwa akilia kama mimi.

— Dada yangu, — nikamuuliza, — kitabu umekimaliza?

— Nimekimaliza. Alinisomea yeye.

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Hiyo ndoa yao ningeimeza. Lakini kusomewa! Kile kilikuwa changu.

— Mwisho yule mke anafanyaje?

— Anaung'oa mtambo, anajilaza. Mume anarudi, anabisha hodi mpaka anachoka. Haamki.

— Asante.

Nilirudi nyumbani jua bado kali. Nikachomoa pasi ukutani, nikakomea mlango, nikajitupa kitandani. Haukupita muda, simu ikaita. Sikupokea. Ukaingia ujumbe:

"Mke wangu, nisamehe. Ni shetani tu. Niko mlangoni na kitabu, nifungulie nikusomee mwisho wake."

Nikamjibu:

"Nimelala."

Akabisha. Akaita jina langu, lile alilokuwa akiniita tulipoanza. Kisha nikamsikia amekaa chini, ameegemea mlango, anasoma kwa sauti ileile ya jioni zetu.

Sikulala, msidanganyike. Nililiuma shuka nikasikiliza kila neno, mpaka yule mume wa kitabuni alipochoka kubisha.

Na wangu naye akachoka. Nikasikia viatu vyake vikiondoka.