Alhamisi za Ghorofa ya Nne

Kwa nini mwanamke anayekuita "roho yangu" kutwa nzima kwenye simu aiondoe mikono yako kila inapofika kiunoni? Fundi lifti alijiuliza hivyo kila siku, na wivu ulikuwa ukimpanda na kumshuka bila kusimama ghorofa yoyote.

Walikutana katika lifti iliyokwama jengo la benki, watu kumi na mmoja wakitokwa jasho. Alipoufungua mlango, mshona suti mmoja, amevaa gauni la kijani lenye mkanda mwembamba, alimwambia, "Umechelewa, lakini nimekusamehe." Sasa walikuwa wachumba. Na Alhamisi tatu mfululizo, akitengeneza lifti ya hospitali, fundi alimwona mchumba wake akishuka ghorofa ya nne, akicheka na daktari mrefu mwenye viatu vya kung'aa.

Alhamisi ya nne alimpigia simu akiwa pale pale hospitalini.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, roho yangu. Nampima suruali mzee mmoja mkorofi."

"Mzee huyo ana viatu vya kung'aa?"

Simu ikakatika. Fundi akapanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya nne, akausukuma mlango wa daktari bila hodi.

"Ala! Mkwe na spana?" alishangaa mama mkwe, aliyeketi kando ya bintiye.

"Nimekuja kumwona bwana aliyeniibia mchumba."

Daktari alivua miwani. Mshona suti ndiye aliyeinuka.

"Basi sikia. Nilizaliwa na ukuta wa nyama ndani ya uke. Una kitundu kidogo tu; damu ya mwezi hupita, mume hapiti. Huyu ataukata."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Wewe unayeniuliza hata nani kanitumia salamu za asubuhi?"

Fundi aliitazama spana mkononi mwake, asijue aiweke wapi. "Nisamehe," alisema.

"Yaishe," mama alinong'ona. "Wakwe tutawaambia ni uvimbe wa tumbo, mwanangu."

"Hapana, mama. Wakiuliza, wataambiwa kama ilivyo." Akawageukia wote watatu. "Kesho asubuhi nafanyiwa upasuaji, kwa ajili yangu kwanza. Habari ya harusi nitaisema mwenyewe nikipona. Huyu aje kunisindikiza akitaka. Akija kunichunga, daktari, naomba asiruhusiwe kuingia."