Jiwe Lililomzoea Amuri

Haya yalimpata babu yangu Amuri wakati wa Wabelgiji, kabla sijazaliwa. Alinisimulia bibi Aziza, mke wake, na bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Mdogo wake babu, Faradji, alikuwa mpiga picha pale Kasongo. Kazi hiyo alijifunza kwa Mhindi mmoja wa Kigoma, akarudi na kamera kubwa ya mbao, yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Kiangazi kimoja mzungu msimamizi wa barabara akamwagiza picha za nchi: vilima, mabonde, na yale majabali mekundu ya njia ya Kabambare, kule ambako hata majani hayaoti. Faradji akamwomba kaka yake amsindikize. Waliondoka asubuhi kwa baiskeli, wanataniana, sahani za vioo za kupigia picha zimefungwa ndani ya blanketi.

Walifika jua likiwa juu. Ardhi yote ilikuwa nyekundu, kama ngozi iliyochubuka. Jiwe moja lilisimama peke yake, refu kuliko msikiti wetu. Faradji akalipenda.

"Yaya, simama pale chini yake," akamwambia kaka yake. "Bila mutu, mzungu hatajua ukubwa wake."

Mama mmoja mkulima wa kijiji cha karibu, jina lake Mathilde, alikuwa anapita na kikapu cha mihogo. Akasimama.

"Papa, usimusimamishe mutu pale. Jiwe lile litamuzoea."

"Litamuzoea namna gani, mama?"

Alishika njia yake, macho chini.

Amuri akacheka, akaegemeza mgongo kwenye jiwe. Faradji akapiga picha moja.

Walilala Kabambare. Kesho yake Faradji aliziba madirisha ya chumba, akasafisha picha. Jiwe lilitoka vizuri, hata nyufa zake zilionekana. Amuri hakuwemo.

"Labda nilitikisika," babu akasema.

"Mutu akitikisika anatoka kama moshi, yaya. Hapa hakuna hata moshi."

Waliporudi Kasongo, mambo yakaanza kidogo kidogo. Jirani alimsalimia bibi barabarani: "Aziza, leo uko peke yako?" Babu alikuwa kando yake, mkono kwa mkono. Watu msikitini walimkanyaga bila kuomba radhi. Binti yao mdogo, Fatuma, ambaye ndiye mama yangu, aliacha kumkimbilia akirudi nyumbani. Alimpita tu.

Kisha jioni moja bibi akapakua bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Akala. Mtoto akala. Bibi alipoinua macho alimwona mwanamume ameketi mkekani, analia bila sauti.

Ilimchukua muda kukumbuka ni nani.

"Baba Fatuma," akanong'ona. "Nisamehe."

"Hata wewe," babu akasema.

Asubuhi walimwacha mtoto kwa jirani, wakaenda watatu, Faradji na kamera yake, hadi kwa Mathilde. Faradji alitaka kupiga picha upya. Aliamini kwamba kioo kikimshika kaka yake safari hii, watu nao watamshika machoni. Mathilde alimtazama babu kwa shida, kama anayetafuta kitu cha mbali.

"Jaribuni," akasema. "Lakini mumoja wenu amutazame, asimutoshe macho. Hata kidogo."

Babu akasimama pale pale. Kazi ya kumtazama ikawa ya bibi. Faradji akajifunika kitambaa.

Upepo haukuwepo.

"Namwona!" Faradji akapaza sauti ya furaha. "Iko hapa! Iko ndani ya kioo!"

Bibi aligeuka kumtazama shemeji yake. Mara moja tu, kwa furaha.

Alipotazama tena, kulikuwa na jiwe tu.

"Asitikisike," Faradji alikuwa anasema. "Iko vizuri sana."

"Shemeji, toka."

"Kwa nini? Si yaya ule, anacheka."

"Toka."

Akatoka. Akaona jiwe tupu. Akarudi chini ya kitambaa.

"Shemeji," akanong'ona kutoka humo. "Njoo uone."

Bibi akaingiza kichwa. Ndani ya kioo cha kamera vitu vyote husimama kichwa chini. Mbingu ilikuwa chini. Jiwe lilining'inia. Na babu alikuwepo. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa amesogea mbele, mdomo unaita, "Aziza, Aziza."

Nyuma yake, kivulini, walikuwa wamesimama watu wengine. Wengi. Wote walimtazama bibi.

Alikimbilia jiwe, akalipiga kwa viganja, akaita mpaka sauti ikakauka. Faradji alibaki chini ya kitambaa, akimwangalia kaka yake, mpaka jua likashuka na kioo kikawa cheusi. Hakupiga picha tena maishani mwake.

Mvua zilipoanza, bibi aliamka asubuhi moja akaona alama nyekundu kwenye ukuta wa chumba chake. Mabega mapana kama ya babu, na juu yake kisogo. Faradji alikuja akapaka chokaa chumba kizima. Kuta zote zilikauka siku ile ile, isipokuwa pale.

Bibi alisogeza mkeka wake hapo. Mpaka anafariki alilala ameuegemea ukuta ule, mgongo kwa mgongo. Chokaa ya mahali pale haijakauka hadi leo.