Mstari wa Oili Kwenye Poda

Kila Jumamosi asubuhi Mukunde aliteremka na mama yake kutoka mtaani kwao Rebero hadi gereji iliyokuwa nyuma ya maduka ya Sonatubes. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alipanga spana kwa namba zake, akafua vitambaa, na mama yake alipoinama ndani ya injini, yeye ndiye aliyemshikia tochi. Mama yake, Kankindi, alikuwa fundi mwanamke pekee katika gereji ile. Mukunde alipenda kuwaambia wenzake darasani kwamba mama yake hulisikiliza gari likinguruma tu, akajua linaumwa nini.

Jumamosi hiyo walikuwa hawajafungua hata sanduku la vifaa Mzee Eustache alipoingia na Corolla yake ya zamani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya kufundishia darasa zima. Alianza kufoka kabla ya kuzima injini.

“Fundi Kankindi, njoo uone ulichonifanyia. Jumanne nilikuletea gari linavuja oili kidogo, leo linavuja kama bomba. Jirani amenigombeza kwa kumchafulia lango lake. Na sasa hivi, nikitoka Kabuga, taa nyekundu ya oili imeniwakia njiani.”

“Zima gari kwanza, mwalimu,” mama alisema. “Jumanne nilikubadilishia gasketi, ule mpira unaoziba kifuniko cha juu cha injini. Ile ya zamani ilikuwa imekauka.”

“Basi umeharibu zaidi. Niliambiwa nisikuletee gari, nikakaidi.”

Usumani, fundi wa matairi aliyefanya kazi jirani nao, aliinua kichwa. “Mzee, injini si cherehani ya kina mama,” alisema, na watu waliokuwa wakisubiri magari yao wakacheka.

Mukunde alihisi uso wake unawaka moto. “Mama yangu hajakosea,” alisema kwa sauti kubwa. “Gari lako ndilo limechoka.”

“Mukunde, nyamaza,” mama alisema bila kumtazama. Yeye pia alikuwa amekasirika. Midomo yake ilikuwa imekazana. Lakini mikono yake ilikuwa tayari inafungua boneti.

Nyuma ya injini kulikuwa kumetapakaa oili nyeusi, mpaka chini kabisa, pale injini inapoungana na gia boksi.

“Usidanganywe na mahali inapodondokea,” mama alimwambia Mukunde. “Oili inaweza kuanzia juu, ikateremka, na upepo ukaisukuma nyuma. Tutafute inakoanzia.”

Walingoja injini ipoe, wakaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, wakaikausha. Mama akaongeza oili, kisha akanyunyiza poda ya watoto kila mahali hadi injini ikawa nyeupe. “Tuiache ingurume robo saa,” alisema. “Panapovuja, poda italowa.”

Mzee Eustache alivuka barabara kwenda kunywa chai, akinung’unika njia nzima.

Robo saa ilipokwisha mama alizima injini, akaenda bombani kunawa mikono. Mukunde hakuweza kungoja. Aliwasha tochi, akainama. Ndipo akauona: mstari mwembamba, mweusi, ukishuka katikati ya ule weupe hadi kwenye gia boksi. Ulianzia kwenye kona ya nyuma ya kifuniko cha juu. Kifuniko kilekile alichokifunga mama siku ya Jumanne.

Alimkasirikia Mzee Eustache kwa kusema kweli. Alimkasirikia Usumani na kicheko chake. Kisha, kwa mara ya kwanza, alimkasirikia mama yake kwa kukosea mbele ya watu kama wale. Alishika kitambaa, akaufuta ule mstari kuanzia juu, akanyunyiza poda nyingine. Akaacha unyevu wa chini tu.

Mama alirudi, akachukua tochi, akaangalia kwa muda mrefu. “Juu ni pakavu,” alisema taratibu. “Basi ni sili, ile pete ya mpira inayozuia oili nyuma ya injini.”

Mzee Eustache aliporudi, mama alimweleza kwamba ni lazima gia boksi ishushwe ili sili ifikiwe. Ni kazi ya siku mbili.

“Siku mbili?” Mzee Eustache alisema. “Kesho mke wangu anatoka hospitali. Ana mshono tumboni, siwezi kumpandisha pikipiki.” Aliketi juu ya tairi. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini sauti ilikuwa imeishiwa nguvu. “Haya, shusha. Nitafanya nini?”

Mama alichukua spana kubwa. Mukunde alimtazama akijiandaa kulala chini ya gari, kwenda kufungua kitu kizima.

“Mama, usifungue,” alisema. “Nimefuta mimi. Oili inaanzia juu, kwenye kona ya kifuniko.”

Mama aliinuka polepole. “Umefuta?”

“Ili wasikucheke.”

“Umenidanganya kwa tochi niliyokupa mimi,” mama alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Mukunde zaidi.

Mama alifungua kifuniko. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na kipande cha gasketi ya zamani, kidogo kama ukucha, kigumu kama jiwe. Gasketi mpya ilikuwa imelala juu yake, ikaacha upenyo. Mama alikibandua, akakiweka kiganjani mwa Mzee Eustache. Usumani alikuwa amesimama akisikiliza.

“Kosa ni langu,” mama alisema. “Jumanne mvua ilikuwa inakuja, nikaharakisha, sikuikwangua hii kona. Naibadilisha gasketi sasa hivi, hulipi kitu.”

“Kwa hiyo nilisema kweli.”

“Kuhusu oili, ndiyo. Kwamba sijui kazi yangu, hapana.”

Mzee Eustache alikigeuzageuza kile kipande kiganjani. Usumani alirudi kwenye matairi yake.

Mukunde aliambiwa akwangue kona zote nne, na mama akazikagua kwa kidole. Walifunga gasketi mpya, wakanyunyiza poda, wakawasha. Poda ilibaki kavu. Mama akarudia tena, na ilikuwa kavu vilevile. Mzee Eustache aliomba tochi, akaangalia mwenyewe, kisha akaingia garini. “Kesho nitapita hapa na mke wangu,” alisema. “Ukitaka, uangalie tena.” Akaondoka.

Mukunde aliinamia vitambaa kwenye beseni. “Bado umenikasirikia, mama?”

“Sana,” mama alijibu, akachuchumaa kando yake. “Hata mimi walinikasirisha, kama walivyokukasirisha wewe. Lakini mimi niliitumia hasira kutafuta ukweli, wewe ukaitumia kuuficha. Kosa langu tumelirekebisha kwa saa mbili kwa sababu hatimaye lilionekana. Lingefichwa, yule mzee angelipia sili isiyo na ubovu, na baadaye gari lingemzimikia barabarani, pengine na mgonjwa ndani. Ukinipenda, Mukunde, ukiona nimekosea, nioneshe, hata dunia nzima ikiwa inatazama.”