Mkono Usiogeuka

Kiugu, jirani yetu mwenye studio ya picha pale Bulla Pesa, mjini Isiolo, si mtu wa kuogopa ovyo. Ni mtu wa kukasirika, na asubuhi ile skana, mashine yake ya kunakili picha kwenye kompyuta, ilimpandisha hasira mpaka chai ikapoa mezani. Picha moja, anangoja. Ya pili, stima inapotea. Na kando yake amekaa Sadia, bahasha ya negativu, zile filamu za zamani za picha za marehemu mama yake, mapajani.

"Kwani bado tu, Kiugu?"

"Bado! Hii takataka inatambaa!"

Sadia alikuwa na haki ya kusumbua. Mama yake, Tuye, alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Sasa baba yake, Mzee Wario, macho yalikuwa yanazimika, na daktari alishasema hayatarudi. Mzee alitaka kitu kimoja tu: amwone mkewe kabla giza halijafunga.

Kiugu akaichunguza mashine vizuri. Kumbe ilikuwa imewekwa kwenye kipimo cha juu kupita kiasi, inatafuta kwenye filamu kitu ambacho filamu yenyewe haina. Akakishusha, na picha haikupoteza hata unywele. Halafu kila negativu ilikuwa inapitiwa mara mbili, ile ya pili kutafuta vumbi na kulifuta. Jamani, Isiolo hii vumbi linatafutwa? Akakizima kifuta vumbi, akasafisha filamu mwenyewe kwa brashi laini. Ya kwanza ikaja mbio, safi kabisa. Kiugu akacheka peke yake.

"Wewe!" Sadia akaruka. "Mama anampa mgeni maziwa na mkono wa kushoto? Baba akiona hii si ni matusi?"

Ni zile haraka za Kiugu. Alikuwa amelaza filamu kinyume. Akaomba msamaha, akaigeuza, akapitisha tena. Bakuli la maziwa likahamia kulia, mahali pake.

Lakini begani kwa Tuye kulikuwa na mkono mwingine. Mwembamba, wa kushoto, hauna mwenyewe. Wakaangalia ile ya kwanza, iliyokuwa kinyume. Ulikuwepo. Watu wote walikuwa wamegeuka. Bakuli liligeuka. Ule mkono haukugeuka, ulibaki palepale.

Negativu ya pili, ulikuwa shingoni. Ya tatu, umemfunika Tuye uso.

"Wallahi, niambie ni vumbi," Sadia akanong'ona.

Kiugu akakiwasha tena kifuta vumbi. Mashine ikatambaa. Ikautoa mkono, ikautoa na uso wa Tuye, pakabaki peupe. Kiugu akapiga meza ngumi. Asubuhi nzima imeenda, na hakuna picha hata moja safi ya kumpelekea mzee!

Ilibaki negativu moja, ya harusi. Akaipitisha bila kufuta kitu. Tuye akatokea, amesimama na Wario kijana, anacheka, uso wazi. Wakaikagua pembe kwa pembe. Hakuna mkono. Sadia akalia kwa furaha. Picha ikachapishwa kubwa, wakaipeleka nyumbani mchana huohuo.

Mzee Wario akaisogeza karibu na pua.

"Ndiye," akasema. "Ndiye Tuye wangu."

Akaitazama sana. Halafu akakunja uso.

"Sadia, toa mkono."

Sadia alikuwa mlangoni. Kiugu alikuwa kando ya Sadia.

"Mkono gani, baba?"

"Huu ulionifunika macho. Ni baridi."

Tangu hapo mzee hakuona tena kitu chochote.

Kiugu alirudi studio, akainua kifuniko cha skana. Kwenye kioo, vumbi lilikuwa limechora kiganja cha kushoto, vidole vyote vitano. Akapangusa kwa kitambaa. Hakikutoka. Akakwaruza kwa ukucha. Ukucha ukateleza juu ya kioo safi.

Alama ilikuwa upande wa ndani.