Kisehemu Kisicho na Jina

Mzee Kuo aliingia dukani kwa Pei-chun, fundi wa kompyuta, jua likizama, kompyuta ya marehemu mkewe kwapani. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa mizimu kurudi kutembea, na nje wenye maduka walikuwa wakiichomea karatasi za sadaka. Moshi ulienea Taipei nzima bila kubisha hodi.

"Imejaa, inagoma," alisema. "Lakini humo mna sauti yake, binti. Rekodi kumi na tisa... sina nyingine."

"Ondoa shaka, mzee. Sehemu moja ya diski imejaa, ya pili ina nafasi tele. Namega huku, naongeza kule. Nusu saa tu."

Pei-chun alikuwa fundi hodari, ila mvivu wa kutoa nakala za akiba kabla ya kazi. Juu ya mashine aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama wafanyavyo mafundi wote wa pale, ili mashine itulie. Hakutazama tarehe ya mwisho wa kuliwa. Ilikuwa imepita miezi miwili, na pakiti iliyopitwa, husemwa, haitulizi kitu.

Katikati ya sehemu zile mbili palikuwa na kisehemu kidogo, kitupu, hakina jina. Kilikaa kama ukuta, kikazuia kazi.

Akakifuta.

Tk... tk... tk...

Diski ikagonga. Harufu ya karatasi zilizoungua ikatoka ndani ya mashine yenyewe.

Kwenye skrini: rekodi kumi na sita.

"Mbona zinapungua?" Mzee alimshika mkono. "Cheza moja!"

Sauti ya mwanamke ilitoka, ikihema.

"A-Hsiung... nani kautoa ukuta? Yule wa upande wa pili sasa analala ubavuni mwangu."

"Ni yeye, ndivyo alivyoniita," mzee alinong'ona. "Lakini hakuwahi kurekodi maneno hayo."

"Kompyuta hii mliinunua wapi?"

"Mtumba. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa amekufa."

Pei-chun akaogopa hasa. Alikirudisha kile kisehemu, kikajifuta. Akakirudisha tena. Rekodi tisa. Nne.

Moja.

Akaibonyeza. Hapakuwa na maneno. Mtu alikuwa akitafuna, taratibu, kitu kikavu... kru... kru...

Alitazama juu ya mashine. Pakiti ilikuwa bado imefungwa, haijachanika popote. Akainyanyua. Haikuwa na kitu ndani.

Alirukia waya wa umeme aung'oe. Mzee Kuo akamzuia, machozi yakimtiririka, sikio limegusa spika.

"Icheze tena, binti. Nyuma ya huyo anayetafuna... mke wangu ananiita."